Kutikisa Kufuli kwa Ruhusa: Zana Huria za Kupima Usalama wa Mifumo ya Wingu

Hotuba kwa wakazi wa Sirisia, Kaunti ya Bungoma



Mada ya leo ina jina refu, lakini jambo lenyewe linamgusa kila mmoja. Mwenye duka Malakisi anayelipia huduma kwa simu, mzazi wa Namwela aliyejaza fomu ya basari, mgonjwa aliyeandikishwa hospitalini, mkulima wa Lwandanyi mwenye akiba katika sacco: kila mmoja ameacha jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na pengine habari za afya au madeni yake, ndani ya mfumo fulani wa kompyuta. Mfumo huo huenda hauko Sirisia, wala Bungoma mjini. Huenda hauko hata Nairobi.

Swali ni hili: nani huenda kuangalia kama mlango wa mfumo huo umefungwa? Na je, kijana wa hapa aliyejifunza kazi hiyo anaweza kuifanya bila kujikuta mahakamani? Majibu ya maswali haya mawili yanakwenda pamoja.

Wingu ni nyumba ya kupanga

Watu wa kompyuta wanaposema taarifa ziko kwenye wingu, hawana maana kwamba ziko hewani. Ziko ndani ya kompyuta kubwa, katika majengo yenye umeme wa kutosha, baridi ya kutosha na walinzi. Microsoft ilifungua vituo vya aina hiyo Johannesburg na Cape Town mwaka 2019. Amazon ilifuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Sacco, shule au ofisi hainunui kompyuta hizo. Inakodi nafasi, na kulipia kadiri inavyotumia, kama mtu anavyolipia chumba cha duka sokoni.

Mwenye nyumba ya kupanga ana wajibu wake. Anajenga kuta imara, anaweka lango, anaajiri bawabu. Mpangaji naye ana wajibu wake: kufunga mlango wa chumba chake, na kujua nani amepewa ufunguo. Mpangaji akiacha mlango wazi, akaibiwa redio na godoro, hawezi kumlaumu aliyejenga ukuta. Kampuni za wingu zinaueleza mgawanyo huu kwa wateja wao bila kuficha: usalama wa jengo, umeme na mitambo ni juu ya kampuni, lakini usalama wa kile ambacho mteja ameweka ndani, na nani anaruhusiwa kukifikia, ni juu ya mteja mwenyewe.

Hapo ndipo mambo huharibika. Wezi wa taarifa mara nyingi hawahitaji kuvunja ukuta. Wanakuta ghala la faili limewekwa wazi kwa umma kwa sababu fundi alikuwa na haraka siku ya kuzindua mfumo. Wanakuta ufunguo wa akaunti umeandikwa ndani ya programu na kuachwa mtandaoni ambako yeyote anaweza kuusoma. Wanakuta karani mdogo amepewa uwezo wa kufuta kila kitu, ingawa kazi yake ni kusoma orodha tu. Wanakuta akaunti kuu inafunguliwa kwa nenosiri moja ambalo watu sita wanalijua, na wawili kati yao walishaacha kazi.

Kisa cha benki moja ya Marekani

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea mwaka 2019. Benki ya Marekani iitwayo Capital One ilikuwa imehamishia taarifa zake kwenye wingu la Amazon. Programu ya ulinzi iliyokaa mbele ya mfumo wake ilikuwa imepangwa vibaya, na ilikuwa imepewa ruhusa nyingi kuliko ilizohitaji. Mtu mmoja aliyewahi kuwa mfanyakazi wa Amazon aliipitia programu hiyo, akapata funguo za muda za mfumo, akachukua taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na wengine milioni 6 nchini Canada. Kosa lilikuwa kwenye mipangilio, na ukuta wa jengo haukuguswa.

Benki haikujua kwa miezi kadhaa. Ilijua Julai 2019 baada ya mtu wa nje kuiandikia barua pepe kwamba taarifa hizo zinaonekana mtandaoni. Mwaka 2020 msimamizi wa mabenki wa Marekani aliitoza faini ya dola milioni 80.

Kuna sehemu ya kisa hicho ambayo vijana wanapaswa kuisikiliza kwa makini. Mshtakiwa alikuwa ametengeneza zana ya kupekua akaunti za wingu na kutafuta zilizopangwa vibaya. Zana ya namna hiyo haina tofauti kubwa na zile zitakazotajwa hapa leo. Mahakamani, upande wake ulidai kwamba alikuwa mtafiti wa usalama. Baraza la wazee wa mahakama halikukubali. Alikuwa ameingia mahali ambapo hakualikwa, akachukua vitu visivyo vyake, na hakumwambia mwenye mali. Alipatikana na hatia mwezi Juni 2022.

Mlinzi wa usiku na mwizi

Fikirieni soko kama la Chwele baada ya giza kuingia. Mlinzi anapita duka hadi duka, akishika kila kufuli na kulitikisa. Anasukuma mlango, anamulika dirisha kwa tochi, anaangalia kama bati la nyuma limelegea. Mtu asiyemfahamu angeweza kupiga kelele za mwizi, kwa sababu anachofanya mlinzi huyu ndicho anachofanya mwizi hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba wenye maduka wamemtuma, wanajua yuko zamu usiku huo, na asubuhi atawaambia: duka la tatu, kufuli halikushika.

Majaribio ya kupenya, kama wataalamu wanavyoyaita, ni kazi hiyo hiyo kwenye kompyuta. Mtu aliyeidhinishwa anajaribu kuingia kama mwizi angejaribu, kisha anaandika ripoti ya alikopita na namna ya kupaziba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Majaribio haya ni njia ya kuutafuta ufa kabla mwingine hajauona.

Zana zenyewe

Zana za kazi hii si siri, na nyingi hazilipiwi. Zinaitwa zana huria, yaani programu ambazo msimbo wake umewekwa wazi. Yeyote anaweza kuzichukua, kusoma zinavyofanya kazi, kuzirekebisha na kuzitumia kwa kufuata leseni yake. Nmap, inayoonyesha ni milango gani ya kompyuta iko wazi kwenye mtandao, imekuwepo tangu mwaka 1997. Zilizotengenezwa kwa ajili ya wingu ni changa zaidi, na zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la wakaguzi. Prowler, iliyoanza mwaka 2016, na ScoutSuite ya kampuni ya NCC Group, ni za kundi hili. Hazivunji chochote. Mwenye akaunti anazipa ruhusa ya kusoma mipangilio tu, nazo zinapita kila kona na kuuliza maswali mamia: ghala hili liko wazi kwa umma? Akaunti kuu ina uthibitisho wa hatua mbili? Ufunguo huu una umri gani? Hifadhidata hii imefichwa kwa msimbo? Daftari la matukio limewashwa, ili ijulikane nani aliingia na lini? Mwishoni zinatoa orodha, mambo ya hatari zaidi yakitofautishwa na madogo. Zinafanya kazi kwenye wingu la Amazon, la Microsoft na la Google. Kwa taasisi ndogo, hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu faida ni kubwa na hatari ya kuharibu kitu ni ndogo.

Kundi la pili ni la watafutaji wa siri zilizosahaulika. Gitleaks na TruffleHog husoma msimbo wa programu, pamoja na historia yake yote, zikitafuta manenosiri na funguo zilizoachwa humo. Historia ina uzito wake. Fundi anaweza kuufuta ufunguo leo akadhani mambo yamekwisha, kumbe nakala ya juzi bado inao. Zana ikiukuta, dawa si kuufuta tu. Ufunguo huo unabatilishwa na kutengenezwa mwingine, kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba njiani anavyobadilisha kitasa.

Kundi la tatu ni la wanaojaribu kuingia kwelikweli. Pacu, iliyopewa jina la samaki wa Amerika Kusini wa ukoo wa piranha, ilitengenezwa na Rhino Security Labs kwa ajili ya wingu la Amazon. CloudFox ya Bishop Fox husaidia kuonyesha njia ambazo mvamizi angezifuata akishaingia. Zana hizi hujibu swali gumu zaidi: mwizi akiupata ufunguo wa karani mdogo, anaweza kupanda hadi wapi? Mara nyingi ruhusa ndogo mbili ambazo hazitishi zikiwa mbalimbali, zikiunganishwa zinafungua hazina nzima. Mkaguzi wa kundi la kwanza anaweza kuorodhesha ruhusa hizo moja moja asiione njia iliyopo kati yake. Lakini zana za kundi hili zinaweza kubadilisha au kuharibu mambo mikononi mwa asiyezijua, kwa hiyo hazitumiwi kwenye mfumo unaohudumia watu bila maandalizi.

Kundi la nne ni la uwanja wa mazoezi. CloudGoat, ya watengenezaji hao hao wa Pacu, humjengea mwanafunzi mfumo wenye makosa ya makusudi ndani ya akaunti yake mwenyewe, kisha humwachia atafute njia ya kuupenya. Akimaliza, anaubomoa. Aukumbuke sana ubomoaji huo, kwa sababu wingu linatoza kwa saa, na mfumo uliosahauliwa unaweza kuleta bili ambayo mwanafunzi hakuitarajia. Vilevile mfumo huo una mashimo, na haufai kuachwa wazi kwa wapita njia.

Wengine huuliza: ikiwa zana hizi ziko wazi kwa kila mtu, si wezi pia wanazo? Wanazo. Ndiyo sababu taasisi haiwezi kutegemea kwamba hakuna atakayeuona mlango wake. Mwizi aliye mbali anaweza kupekua maelfu ya akaunti kwa usiku mmoja bila kujua Sirisia iko wapi. Mwenye mali asiyetumia zana hizi amemwachia mwizi awe wa kwanza kuukagua mlango wake.

Na kusema hazilipiwi si kusema hazina gharama. Zinahitaji muda, umeme, bando na mtu mwenye ujuzi wa kusoma ripoti. Ripoti yenye makosa mia mbili ambayo hakuna aliyeisoma haimlindi mtu. Afadhali makosa matano makubwa yarekebishwe wiki hii, kuliko orodha nzuri ifungiwe kabatini.

Sheria inasema nini

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mtu anayekiuka ulinzi wa mfumo ili aufikie, akijua hana idhini, ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Akiingia kwa nia ya kutenda kosa jingine, kama wizi, adhabu hupanda. Sheria haimuulizi kama alichukua pesa, wala kama mlango ulikuwa umelegea. Kwanza inauliza kama alikuwa na idhini.

Kifungu cha 18 kinahusu zana. Kutengeneza, kuuza au kusambaza programu iliyokusudiwa hasa kutendea uhalifu kunaweza kuleta faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10. Lakini kifungu hicho hicho kinaondoa hatia pale ambapo kitendo kimekusudiwa kwa mafunzo, majaribio au ulinzi wa mfumo, kwa idhini. Kwa maneno mengine, sheria ya Kenya inamtambua mlinzi anayetikisa kufuli. Inachotaka ni kwamba awe ametumwa.

Idhini ya mdomo haitoshi. Mwenye sacco anaweza kumwambia kijana wakinywa chai, "Hebu tuangalizie mfumo wetu," na mambo yakiharibika akasema hakumtuma. Idhini nzuri huandikwa na kutiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Itaje akaunti na mifumo itakayopimwa, na ile isiyoguswa. Itaje siku na saa za kuanza na kumaliza. Itaje zana au aina ya majaribio yanayoruhusiwa. Itaje nani atapigiwa simu iwapo mfumo utayumba. Na itaje kwamba mpimaji akikutana na taarifa za watu ataishia hapo, hatazinakili wala kuzionyesha kwa mtu, na ripoti itakabidhiwa mwenye mfumo peke yake.

Kampuni za wingu nazo zina masharti yao. Amazon na Microsoft humruhusu mteja kupima mali yake mwenyewe bila kuomba kibali kila mara, kwa huduma zilizoorodheshwa na kwa kufuata kanuni zao. Haziruhusu kupima mali ya mpangaji wa jirani, na haziruhusu kuufurikisha mfumo kwa maombi mengi hadi uzimie.

Somo la eCitizen

Kufurikisha huko Wakenya wanakujua. Mwishoni mwa Julai 2023, mfumo wa eCitizen, ambao wakati huo ulikuwa na huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulishambuliwa. Watu walishindwa kupata huduma, na wengine walipata shida kununua tokeni za stima na kutuma pesa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kwamba mfumo ulikuwa umeshambuliwa, akasema hakuna taarifa zilizopotea. Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo.

Shambulio lile halikuwa la kupenya. Lilikuwa kama umati uliolipwa kujazana mlangoni pa duka ili wateja wa kweli wasiingie. Zana kama Prowler na Pacu hazikuundwa kulizuia. Linatajwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, lilionyesha mwananchi wa kawaida anavyoumia mfumo wa mbali unaposimama, hata kama hajui seva ni kitu gani. Pili, hutokea mtu akadhani kupima usalama ni kuupiga mfumo hadi uanguke. Anayefanya hivyo hajapima kitu. Ameumiza watu, na amevunja sheria.

Wajibu wa anayeshika taarifa za watu

Upande wa pili wa sheria unamhusu mwenye mfumo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mwenye mfumo alipojua. Kunyamaza hadi mambo yapoe si chaguo.

Taasisi ndogo zisidhani sheria hii ni ya kampuni kubwa tu. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule hiyo haikudukuliwa. Ilikosea katika kutunza taarifa za watoto wa watu.

Kwa hiyo mwanakamati wa sacco, mwalimu mkuu, au msimamizi wa kliniki asiyejua kompyuta bado ana maswali ya kumuuliza fundi aliyemtengenezea mfumo. Ayaandike.

Akaunti kuu ya wingu imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni kwa barua pepe binafsi ya fundi, siku akiondoka ataondoka na ufunguo wa nyumba.

Je, kila anayeingia kama msimamizi anathibitishwa kwa hatua mbili, au nenosiri pekee linatosha?

Kuna ghala lolote la faili lililo wazi kwa umma? Kama lipo, ni kwa sababu gani?

Walioacha kazi walifungiwa akaunti zao lini?

Ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini, kwa zana gani, na makosa makubwa yalirekebishwa na nani?

Nakala ya akiba iko wapi, na ni lini mara ya mwisho mtu alijaribu kuirejesha akaona inafanya kazi?

Fundi mwaminifu hatakasirishwa na maswali haya. Akiyakwepa, kamati imepata jibu.

Kwa vijana

Kazi hii inaweza kujifunzwa kutoka hapa. Chuo Kikuu cha Kibabii, Sang'alo na Kitale National Polytechnic zinafundisha masomo ya kompyuta. Kenya pia ina makundi ya wataalamu wa usalama wa mitandao, kama AfricaHackon, na SheHacks KE linalowainua wanawake katika fani hii. Msingi ni uleule kila mahali: kujua mitandao, kujua mfumo wa Linux, kuandika msimbo kidogo, na kuelewa jinsi wingu moja linavyogawa ruhusa. Anayeikimbilia Pacu kabla ya kuelewa ruhusa atabonyeza amri asizozielewa.

Mahali pa kufanyia mazoezi ni kwenye akaunti yako mwenyewe, kwa mifumo ya mafunzo kama CloudGoat. Mfumo wa kaunti, wa hospitali, wa shule uliyosomea au wa sacco ya mzazi wako si uwanja wa mazoezi, hata kama nia ni njema, hata kama ungependa kuonyesha uwezo wako ili upate kazi. Kuna kijana anayeweza kuwa mlinzi hodari wa mifumo ya kaunti hii miaka mitano ijayo. Rekodi ya mahakama kwa jambo alilolifanya kwa udadisi usiku mmoja inaweza kumfungia njia hiyo kabla hajaianza.

Na je, ukikutana na mlango wazi bila kuutafuta? Pengine umebofya kiungo cha kawaida, ukaona orodha ya majina na nambari za vitambulisho. Simama hapo. Usiendelee kufungua faili nyingine ili kuona ziko ngapi. Usipakue, usipige picha za majina na kuzisambaza kwenye kikundi cha WhatsApp. Andika anwani ya ukurasa na saa uliyouona, kisha mwarifu mwenye mfumo. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandao, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hupokea ripoti kama hizo. Na mwananchi ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Aliyepokea taarifa naye asimgeukie mleta habari kama adui. Mlinzi akimgongea mwenye duka usiku kumwambia mlango hauko sawa, jambo la kwanza ni kwenda kuufunga. Ofisi inayomtisha kila anayeripoti itajikuta haipati ripoti tena, na mlango utabaki wazi kwa asiyeripoti.

Mwisho, hakuna zana inayofanya kazi hii mara moja ikaisha. Mfumo unabadilika kila fundi anapoongeza huduma, kila karani anapoajiriwa, kila nenosiri linapogawiwa. Mlinzi wa soko hatikisi makufuli mara moja kwa mwaka akaenda kulala. Kamati zitakazorudi nyumbani leo zikaandika tarehe ya ukaguzi wa kwanza, na tarehe ya kuurudia, zitakuwa zimeanza kuwalinda watu waliowaamini.